Andika kwa Kirefu Kwanza: Mazungumzo juu ya Vipeo na Mabano

Hotuba hii niliitoa katika maadhimisho ya Siku ya Kimataifa ya Hisabati, 14 Machi, mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili. Nimeiandika karibu kama nilivyoizungumza. Hesabu zilizokuwa ubaoni nimeziingiza ndani ya maelezo.

Mgeni rasmi, Mkuu wa shule, Mwenyekiti na wajumbe wa bodi, walimu wenzangu, wazazi, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo?

Nimeambiwa nizungumze lolote ninalotaka kuhusu Hisabati. Naomba tukae mahali padogo sana: ile namba ndogo inayoandikwa juu ya nyingine, na mabano. Yaani vipeo na polinomia. Mtoto hukutana na mambo haya mwanzoni kabisa mwa aljebra, na hapo ndipo wengi wanapoanza kulichukia somo. Kila Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, Hisabati inabaki nyuma ya masomo mengine, mwaka hadi mwaka, na watu wanaitafuta sababu huko huko kidato cha nne. Sisi tunaosahihisha madaftari tunaiona mapema zaidi. Tunaiona siku mtoto anapoandika kwamba 2³ × 2⁴ ni sawa na 4⁷, na hakuna anayemuuliza: mwanangu, 2³ maana yake nini?

Tuanze na hiyo hiyo. 2³ ni 2 × 2 × 2. 2⁴ ni 2 × 2 × 2 × 2. Ziandikeni zote kwenye mstari mmoja. Mbili ziko ngapi? (Wanafunzi: Saba!) Saba. Basi jibu ni 2⁷, ambayo ni 128. Ile 4⁷ ni 16,384. Aliyeandika 4⁷ ni mtoto mwenye akili kabisa. Ameambiwa "kwenye kuzidisha, jumlisha vipeo", akajumlisha tatu na nne. Kisha akaiona alama ya kuzidisha katikati ya mbili na mbili, akaona ni dhambi kuiacha, akazidisha na zenyewe. Amebeba kanuni kichwani bila kuona kitu chochote nyuma yake, na kanuni ya namna hiyo inateleza kama samaki.

Neno langu la leo ni hili moja: kwenye vipeo tunahesabu, basi. Kipeo kinajibu swali "mara ngapi?". Ukiweza kuandika kwa kirefu na kuhesabu, kanuni zote utazitengeneza mwenyewe, hata ukiwa chumba cha mtihani na umesahau kila kitu.

Mnataka kugawanya? 5⁶ kwa 5²: juu kuna tano sita, chini kuna tano mbili. Mbili za chini zinaondoka na mbili za juu, zinabaki nne. 5⁴. Mnataka kipeo juu ya kipeo? (x²)³ ni x² × x² × x², yaani makundi matatu yenye x mbili mbili, jumla x sita. x⁶. Sitakaa sana hapa, kwa sababu ukishaandika kwa kirefu mara chache mkono wenyewe unazoea.

Nataka nikae kwenye sifuri.

Kila mwaka kuna mtoto anayeuliza: mwalimu, kitu kikijizidisha mara sifuri kinakuwaje 1? Si kingekuwa sifuri? Huyo ni mtoto makini, na anastahili jibu zuri kuliko "ndivyo kanuni inavyosema". Tuandike kwa kushuka. 2⁴ ni 16. 2³ ni 8. 2² ni 4. 2¹ ni 2. Kipeo kinapungua moja moja. Thamani inafanya nini? Inagawanywa kwa mbili kila hatua. Kumi na sita, nane, nne, mbili, halafu? (Wanafunzi: Moja!) Moja. Hiyo ndiyo 2⁰. Tukikataa isiwe moja, tumeuvunja mpangilio mzima uliotuleta hapo.

Na msisimame. Endeleeni kushuka. Nusu. Robo. Sehemu moja ya nane. Hizo ndizo 2⁻¹, 2⁻² na 2⁻³. Angalieni vizuri: hakuna jibu hasi hata moja hapo. Alama ya kutoa kwenye kipeo inakwambia umeshapita moja, sasa unagawanya. Mwanafunzi anayeandika 2⁻³ = −8 amefikiri ile alama inashuka kutoka kwenye kipeo na kukaa mbele ya jibu. Mwambieni ashuke hatua kwa hatua, asiruke. Jaribuni kwa 3, kwa 5, kwa 10. Zote zitapita kwenye moja. Sifuri tu ndiyo haishuki hivyo, kwa kuwa ingetutaka tugawanye kwa sifuri.

Wazo hili la kuhesabu hatua pande mbili za moja ni la zamani, na kuna kijana ningependa mumjue. Katika karne ya 12, Baghdad, al-Samaw'al aliandika kitabu cha aljebra akiwa na miaka 19. Kidato cha pili, hesabuni ninyi wenyewe mmebakiza miaka mingapi. Alichora jedwali: moja katikati, upande mmoja x, x², x³ na kuendelea, upande wa pili sehemu moja ya x, sehemu moja ya x², na kuendelea. Ukitaka kuzidisha unahesabu hatua kutoka safu hadi safu. Alama tunazotumia sisi hakuwa nazo. Vipeo aliviita kwa majina, kwa maneno matupu, na bado alizidisha na kugawanya polinomia ndefu kwenye majedwali yake. Karibu mwaka 1000, huko huko Baghdad, al-Karaji alikuwa ameshaonyesha kwamba hesabu za kitu kisichojulikana na vipeo vyake zinaweza kufanywa kama hesabu za namba za kawaida. Hii namba ndogo ya juu tuliyoizoea ilienea baada ya Mfaransa René Descartes kuitumia katika kitabu chake cha mwaka 1637. Kwa hiyo watu walielewa vipeo miaka mamia kabla hawajapata njia nyepesi ya kuviandika. Watoto wetu tunawapa njia nyepesi ya kuandika siku ya kwanza, na uelewa tunausubiri uje wenyewe.

Sasa, ile namba ndogo inamhusu nani? Hapa kuna alama nyingi za mtihani zinazopotea. Kipeo kinamhusu yule aliyekigusa. Katika 2x³ kilichoguswa ni x peke yake, kwa hiyo ni 2 × x × x × x. Katika (2x)³ kilichoguswa ni mabano, na mabano yamebeba vyote: 2x × 2x × 2x, ambayo ni 8x³. Vivyo hivyo −3² na (−3)². Ya kwanza ni −9, kwa sababu kipeo kimeigusa 3 na alama ya kutoa imekaa nje. Ya pili ni 9. Wazazi, mkiona mtoto anapuuza mabano msidhani ni uvivu wa mwandiko. Mabano yanabadilisha jibu.

Na jambo jingine: kujumlisha. x² + x³ ni ngapi? (Sauti kadhaa: x⁵.) Nimesikia x⁵, na sijashangaa, kwani vipeo vimeshazoea kujumlishwa. Basi tupime. x tuifanye 2. x² ni 4, x³ ni 8, jumla 12. x⁵ ni 32. Havilingani, kwa hiyo haiwezekani. x² ni eneo la mraba, x³ ni ujazo wa mchemraba. Ukiwa na mita za mraba nne na mita za ujazo nane huwezi kusema una kumi na mbili za kitu kimoja. Unaviacha kama vilivyo, kila kimoja mahali pake: x³ + x². Mtajo wa namna hii, uliojengwa kwa vipeo mbalimbali vya herufi moja, vya namba nzima visivyo hasi, vikijumlishwa na kutolewa, ndio polinomia. Haina siri nyingine zaidi ya hiyo. 5x² + 3x² ni 8x², maana miraba mitano na miraba mitatu ni miraba minane. 5x² + 3x inabaki 5x² + 3x. Mwanafunzi akishakubali kwamba kuna vitu vinavyobaki bila kuunganishwa, na kwamba jibu refu linaweza kuwa ndilo jibu, nusu ya hofu yake imekwisha.

Mbinu niliyotumia sasa hivi, ya kuweka namba mahali pa herufi, ninawaomba mwende nayo. Inachukua nusu dakika. Ukiwa na mashaka na hatua yoyote ya aljebra, weka 2 au 3 mahali pa x pande zote mbili uone kama zinalingana. Msiweke 0 wala 1: hizo zinakubali mambo mengi ya uongo. Ukiweka sifuri hapa, x² + x³ na x⁵ zote zinakuwa sifuri, na utaondoka umeridhika.

Wazee wa bao mpo? Nimefurahi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, na kete zake ni 64. Sasa tusiucheze mchezo wenyewe, tufanye hivi. Shimo la kwanza weka kete moja. La pili weka mbili. La tatu nne. Kila shimo liwe mara mbili ya lililotangulia. Kete zetu 64 zitafika shimo la ngapi? (Sauti: La kumi! La kumi na sita!) Tuhesabu. 1, 2, 4, 8, 16, 32. Jumla yake ni 63. Tumejaza mashimo sita, na mkononi imebaki kete moja. Shimo la saba lenyewe linadai kete zote 64. Ukitaka kufika shimo la 32, hilo la mwisho peke yake linataka 2³¹, ambayo ni kete 2,147,483,648.

Kwa nini jumla ilikuwa pungufu ya 64 kwa moja tu? Hapa polinomia inatusaidia. Chukueni (x − 1)(x⁵ + x⁴ + x³ + x² + x + 1). Fungueni mabano. Kwanza x inazidisha kila kilichomo: x⁶ + x⁵ + x⁴ + x³ + x² + x. Kisha −1 inazidisha kila kilichomo: −x⁵ − x⁴ − x³ − x² − x − 1. Zikutanisheni. x⁵ inaondoka na −x⁵, x⁴ na −x⁴, hadi mwisho. Kinachobaki ni x⁶ − 1. Wekeni x = 2: mabano ya kwanza ni 1, mabano ya pili ni ile jumla ya kete zetu, na jibu ni 64 − 1. Kwa mstari mmoja tumeeleza bao zima, na tumeeleza pia kwa tatu, kwa kumi, kwa namba yoyote mtakayoweka. Mimi nafundisha kwa miaka mingi sasa, na jinsi zile sehemu zinavyoondoka mbili mbili bado inanifurahisha kila ninapoiandika.

Nije kwenye kosa linaloongoza kuliko yote. (a + b)² = a² + b². Limo kwenye madaftari ya kidato cha kwanza, limo kwenye madaftari ya kidato cha nne, na nimeliona kwa watu waliomaliza shule zamani. Linavutia kwa sababu linaonekana la haki: kila mmoja amepewa kipeo chake.

Tuchukue kiwanja. Kila mtu hapa anajua kiwanja cha ishirini kwa ishirini. Mita za mraba 400. Jirani upande wa mashariki amekuuzia mita 5, na jirani upande wa kaskazini naye amekuuzia mita 5, pamoja na ile kona, kiwanja kikawa ishirini na tano kwa ishirini na tano. Eneo lake ni 25 × 25, mita za mraba 625. Sasa tufuate hesabu ya daftarini: 20² + 5² ni 400 + 25, yaani 425. Mzazi, ungekubali hati iandikwe 425 wakati umelipia 625? (Wazazi: Hapana!) Mita za mraba 200 zimekwenda wapi?

Chora. Kiwanja cha zamani kiko hapa, ishirini kwa ishirini. Mashariki kuna ukanda wenye urefu wa 20 na upana wa 5: mita za mraba 100. Kaskazini kuna ukanda mwingine kama huo: 100. Kwenye kona kuna kimraba cha 5 kwa 5: 25. Jumlisha vyote: 400 + 100 + 100 + 25 ni 625. Mtoto aliyeandika a² + b² ameuona mraba mkubwa, ameuona mraba mdogo wa kona, na kanda mbili amezisahau. Kanda hizo ni a × b na a × b. Ndiyo maana jibu kamili ni a² + 2ab + b². Hiyo 2ab haikuletwa na mwalimu ili kumtesa mtu. Ni ardhi, unaweza kuipanda mchicha.

Na ukiandika kwa kirefu utaikuta vile vile. (a + b)(a + b): a inazidisha a na b, kisha b inazidisha a na b. a², ab, ba, b². Vipande vinne. Ukipata viwili umeacha kuzidisha mara mbili.

Mchoro huu huu ndio aliouchora mwanahisabati al-Khwarizmi katika kitabu chake cha aljebra, Baghdad, karibu mwaka 820, zama za khalifa al-Ma'mun, isipokuwa yeye aliutumia kwa kurudi nyuma. Alichukua mlinganyo tunaouandika leo x² + 10x = 39. Wanangu, angalieni uzuri wake. x² ni mraba ambao hatuujui upande wake. 10x tuigawe kanda mbili, kila moja upana wa 5 na urefu wa x. Ziweke mashariki na kaskazini mwa mraba, kama kile kiwanja. Eneo la vyote tumeambiwa ni 39. Kinachokosekana ili umbo liwe mraba kamili ni kona tu: 5 kwa 5, yaani 25. Iongeze. 39 + 25 ni 64. Sasa tuna mraba mkubwa wa eneo 64, upande wake ni 8. Upande huo ni x + 5. Basi x ni 3. Hakikisheni: 9 + 30 ni 39. Mlinganyo wa kipeo cha pili umekwisha bila fomula yoyote. Na aliandika yote kwa maneno. Alisema wazi kitabu chake ni kwa ajili ya watu wanaogawana mirathi, wanaofanya biashara, wanaopima ardhi na kuchimba mifereji. Aljebra ilizaliwa ikiwa na kazi mkononi.

Nipite haraka kwenye jambo moja linalowapa watoto ujasiri. Namba mlizozijua tangu darasa la pili ni polinomia. 347 ni 3 × 10² + 4 × 10 + 7. Weka x mahali pa 10, una 3x² + 4x + 7. Kwa hiyo 12 × 13 ni (x + 2)(x + 3), ambayo ni x² + 5x + 6. Rudisha 10, unapata 156. Na (a − b)(a + b), ambayo sehemu zake za katikati zinaondoka na kuacha a² − b², inakupa 98 × 102 kichwani: 100² − 2², yaani 9,996. Mwenye duka anayeuza vitu 102 kwa shilingi 98 kila kimoja hahitaji kikokotoo. Na wale wa Fizikia: jua liko umbali wa kama kilomita 1.5 × 10⁸, mwanga unakwenda kama kilomita 3 × 10⁵ kwa sekunde. Gawanya. 1.5 kwa 3 ni 0.5; 10⁸ kwa 10⁵ ni 10³. Sekunde 500, dakika nane na sekunde 20. Sifuri zote zile tumezimaliza kwa kutoa tano kwenye nane.

Sasa naomba niseme na wazazi, hasa akina mama wa biashara ndogo, juu ya mikopo tunayoiita kausha damu. Hapa moyo wangu unauma, kwa sababu hesabu yake ni hii hii ya kidato cha pili.

Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na riba isiyolipwa inaingizwa kwenye deni. Mwezi wa kwanza deni linazidishwa kwa 1.2. Mwezi wa pili linazidishwa tena kwa 1.2. Kwa hiyo baada ya miezi miwili ni 100,000 × (1 + 0.2)². Wengi wanajibu haraka: ishirini mara mbili ni arobaini, deni ni 140,000. Fungueni mabano. 1 + 2 × 0.2 + 0.2². Ile 1 ni mkopo wako, 100,000. Ile ya katikati ni riba ya mkopo kwa miezi miwili, 40,000. Na ya mwisho, 0.04, ni shilingi 4,000: riba iliyotozwa juu ya riba. Deni ni 144,000. Kona ya kiwanja imejitokeza kwenye mkopo.

Utasema 4,000 si nyingi. Miezi miwili, sawa. Nenda mwaka mzima bila kulipa. Kwa kujumlisha tu, 20,000 mara 12 ni 240,000, na deni lingekuwa 340,000. Lakini hatujumlishi, tunazidisha: 1.2 kipeo cha 12. Tuipande kwa hatua. 1.2² ni 1.44. Izidishe yenyewe upate 1.2⁴, ni 2.0736. Izidishe yenyewe tena upate 1.2⁸, kama 4.2998. Nane na nne ni kumi na mbili, kwa hiyo zidisha hiyo kwa 2.0736: kama 8.916. Laki moja imekuwa shilingi 891,610. Zaidi ya nusu milioni imetoka kwenye zile sehemu za mabano ambazo hatukuzifungua.

Mnaona pia kwamba 1.2¹² tumeipata kwa kuzidisha mara nne tu, tukitumia 4 + 4 = 8 na 8 + 4 = 12. Kanuni ya kujumlisha vipeo imetuokolea kazi. Mzazi yeyote mwenye simu yenye kikokotoo anaweza kufanya hivyo kabla hajaweka dole gumba kwenye karatasi ya mtu. Muulize mkopeshaji swali moja: nikichelewa, riba inaingia kwenye deni au haiingii? Jibu lake ndilo linaloamua kama unajumlisha au unazidisha.

Walimu wenzangu, nina ombi. Najua madarasa yana watoto wengi, najua muhtasari wa somo unatukimbiza. Lakini wiki ya kwanza ya vipeo tusiandike kanuni ubaoni. Waandike kwa kirefu wiki nzima, hadi wenyewe waombe njia fupi. Watakayoitoa ndiyo kanuni, na itakuwa ya kwao. Mtoto akileta (a + b)² = a² + b², kabla ya mkasi mwekundu tumwambie aweke 20 na 5. Alione kosa lake mwenyewe kwa namba. Kosa aliloliona mwenyewe halirudii kirahisi kama lile tulilomkatia sisi. Na mtoto akiuliza kwa nini kitu kipeo cha sifuri ni moja, tusimwambie atulie. Dakika tano za kushuka kutoka kumi na sita hadi nusu zinatosha.

Wanangu, kazi ya kwenda nayo nyumbani, na mfanye pamoja na wazazi. Mkopo ni shilingi 200,000, riba asilimia 5 kwa mwezi, haijalipwa kwa miezi mitatu, na riba inaingia kwenye deni. Andikeni (1 + r)³ kwa kirefu, mabano matatu, mfungue hadi mwisho. Mtapata sehemu nne. Wekeni 0.05 mahali pa r, mtafute kila sehemu inabeba shilingi ngapi. Jumla lazima iwe 231,525. Nataka kujua ile 25 ya mwisho imetoka kwenye sehemu ipi. Majibu mpeni mwalimu wenu wa Hisabati Jumatatu asubuhi, yakiwa na hatua zote.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.